Jibini la Kiholanzi: nianzie wapi, na nipike nini nalo?

Mchagga_Wageningen:
Wadau habari zenu, hasa mlioko Uholanzi. Niko Wageningen kimasomo tangu Agosti na kusema ukweli jibini sikuwa mtu wake, nyumbani Moshi ni maziwa mgando na siagi kwenye mkate basi. Huku nikawa nanunua zile slaisi za supamaketi zilizoandikwa jong, nakula na mkate mchana kama wenzangu wa maabara, laini laini hazina ladha ya kukumbuka. Juzi mama mwenye nyumba ninakopanga kaniita jikoni, katoa kipande kigumu cha rangi ya karameli, kugusa tu na kisu kinamegeka, kanipa na haradali pembeni. Jamani! Chumvi ipo, utamu kama wa sukari guru upo, halafu ndani kuna chembe zinavunjika kwenye meno. Nikamuuliza ni nini hiki akasema oude kaas, zaidi ya hapo lugha ikatukwamisha.
Naomba elimu. Hilo ni jibini la aina nyingine au ni lile lile? Zile chembe ni chumvi? Tumbo langu na maziwa mabichi haviendani, nile tu? Na Jumapili nataka nimpikie huyu mama chakula cha kwao chenye jibini, ila kisiwe na nguruwe maana mimi situmii.

Mama_Naima:
Karibu sana mdogo wangu. Ni lile lile, jibini la Gouda, tofauti ni umri. Mimi naishi karibu na mji wa Gouda mwaka wa 11 huu na kitu cha kwanza nilichofundishwa na mawifi zangu ni kusoma umri kwenye lebo. Jong ni wiki 4 tu, jong belegen wiki 8 hadi 10, belegen kama miezi minne, extra belegen miezi 7 au 8, oud ni miezi 10 hadi 12, na overjarig imepita hapo mpaka mwaka na nusu na zaidi. Gurudumu la Gouda la kawaida lina kilo kama 12, linakaa kwenye mbao linageuzwageuzwa, maji yanapungua kidogo kidogo ladha inakazana. Huo utamu unaousikia unaanzia kwenye kutengeneza, maana maziwa yakishaganda wanamwaga sehemu ya maji yake wanaweka maji ya moto, sukari ya maziwa inapungua, kwa hiyo jibini haliwi chachu. Na chembe sio chumvi, ni protini iliyovunjika ikajikusanya, Wadachi wenyewe wanazitafuta hizo, ukiona nyeupe nyeupe ndani ya jibini kuukuu furahi.
Halafu acha kununua slaisi. Nenda kwa muuza jibini sokoni, mwambie unataka kuonja, atakukatia bila kinyongo, hapo ndo utajua la kwako ni lipi. Ukisikia mtu anaomba pond ujue ni nusu kilo, na ons ni gramu 100. Mkikutana na neno boerenkaas chukua, ni la shambani, maziwa hayajachemshwa, ladha haifanani shamba na shamba (wenye mimba waliache hilo). Nyumbani lifunge kwenye karatasi yake, usilibane na nailoni likatoka jasho, na ulitoe kwenye friji nusu saa kabla ya kula. Likiwa baridi halisemi kitu.

Dereva_Utrecht:
Mama Naima umemaliza ila jong usilitukane hivyo 😀 kwenye tosti hakuna kama lile, linayeyuka vizuri, oud ukiliweka kwenye tosti linatoa mafuta tu. Kila moja na kazi yake. Kuhusu tumbo mkuu kula bila wasiwasi, lililokaa muda mrefu halina tena ile sukari ya maziwa inayosumbua, mimi maziwa glasi moja yananilaza ila oud nakula kila siku.

Karafuu_Pemba:
Nikiwa na la kuongeza ni nagelkaas ya Friesland. Mimi mtu wa Wete, nimekua nikianua karafuu mkekani mvua ikitaka kunyesha, mikono inanuka wiki nzima. Siku nipo sokoni Rotterdam nikapewa kipande nionje, kina vidoto vyeusi, kutia mdomoni karafuu! Karafuu na jira ndani ya jibini! Nilisimama pale nikashindwa kumwambia yule muuzaji kitu. Wadachi walikuwa wakizileta karafuu kutoka visiwa vya Maluku karne nyingi, kabla hata mikarafuu haijapandwa kwetu, ndio zikaingia kwenye chakula chao. Leiden nao wana lao la jira tupu. Kwa sisi watu wa pwani ningesema anzeni hapo, ulimi unakuwa na pa kushikia. Kwa wanaouliza halali, someni lebo ya kigandishi, ikiandikwa microbieel au vegetarisch stremsel hakuna kitu cha mnyama pale.

Goma_kwetu:
Bandugu, mimi ni wa Goma, jibini la namna hiyo si geni kwetu, la Masisi ni ndugu yake kabisa, mviringo, la manjano, mapadri Wabelgiji ndio walifundisha watu kule milimani. Shida za vita zote na bado wanalitengeneza. Nilipoonja Gouda changa hapa nililia kidogo, ni nyumbani kabisa.

Mama_Naima:
Sasa chakula cha Jumapili, nisisahau. Mpikie stamppot ya andijvie, mboga ya majani inayofanana na saladi. Ni mukimo wa Kidachi, Wakenya wataelewa, viazi vinapondwa na mboga. Chemsha viazi kilo moja, ponda na maziwa ya moto kidogo, siagi na kijiko cha haradali. Andijvie gramu 400 hivi ikatekate nyembamba sana uitie MBICHI mwishoni, usiipike, inalegea na joto la viazi na bado inalia kwenye meno. Halafu oud gramu 200, vipande vidogo vya mraba, tia ukiwa umeshazima moto uchanganye mara mbili tu upakue haraka, linakuwa limelainika nje na ndani bado zima. Watu wanaweka vipande vya nguruwe, wewe kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia umwagie juu. Ukitaka soseji ipo rookworst ya ng'ombe, ulizia runder.

Mchagga_Wageningen:
Mrejesho wadau. Jumamosi nilienda sokoni nikaonja aina tano, nikachukua pond ya oud na kipande cha nagelkaas. Stamppot imetoka, nilichanganya jibini zaidi ya mara mbili likaanza kuvutika kama uzi, ila ladha ilikuwepo. Mama kala sahani mbili, halafu kainuka kaenda kabatini kaleta daftari la mapishi la mama yake, karatasi zimekuwa za manjano, kanifungulia ukurasa wa supu ya njegere. Tumekubaliana Jumapili ijayo anapika yeye mimi nakata mboga. Mama Naima, mawifi zako wanaweka celery ile ya mzizi au majani tu?

Mama_Naima:
Vyote viwili. Na ipike Jumamosi muile Jumapili, ikilala ndio inakuwa nzito mpaka kijiko kinasimama.