Chuo kimetulazimisha kuweka kazi zote kwenye seva yake, ukiwa nyumbani huzipati. Tumechoka!

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira, naomba mnisome hadi mwisho, hasa mnaofanya kazi za TEHAMA vyuoni.

Nasoma uzamili chuo kimoja hapa Dar. Idara yetu ilitoa agizo: data zote za utafiti, madodoso yaliyoskaniwa, rekodi za mahojiano na rasimu za tasnifu zikae kwenye seva ya chuo tu. Flashi hapana, barua pepe binafsi hapana. Agizo lenyewe siligombi. Mle ndani kuna majina ya watu, namba zao za simu, magonjwa yao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, hilo si jambo la hiari tena. Mtu amekukaribisha barazani kwake akakueleza habari za afya yake, una wajibu wa kumlinda.

Ukiwa chuoni kila kitu kinakwenda. Unafungua dirisha la mafaili kwenye Windows, unachagua Map network drive, unaipa herufi, tuseme Z, unaandika anwani ya folda, kitu kama \\seva\utafiti, unaingiza jina na nywila yako, basi. Folda ya seva inakaa pale pamoja na diski zako nyingine, unafungua na kuhifadhi humo humo.

Rudi nyumbani sasa. Bofya hiyo Z. Ule mstari wa kijani juu ya dirisha unatambaa, unatambaa, halafu unaletewa kosa 0x80070035, njia ya mtandao haikupatikana. Kila siku, kila mtu, awe na bando la simu au waya wa nyumbani.

Sababu inajulikana na wala si ngeni. Folda hizi hufunguliwa kwa itifaki ya SMB, yaani utaratibu ambao kompyuta hutumia kufungua mafaili ya kompyuta nyingine kwenye mtandao, unaopita poti (mlango wa mtandao) namba 445, na poti hiyo haiachwi wazi kwa intaneti ya nje. Watoa huduma wengi huizuia, na chuo chochote chenye akili huifunga. Wanaokumbuka Mei 2017 wanajua: WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ilisambaa duniani kupitia udhaifu wa SMB toleo la 1, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya watu, ilhali Microsoft walishatoa kiraka cha kuziba udhaifu huo tangu Machi mwaka huo huo. Kwa hiyo kuifunga ni sawa kabisa. Ila ukishaifunga, unampa mtu wako VPN, yaani njia ya siri kupitia intaneti, aingie kwanza kwenye mtandao wa chuo, ndipo aifungue Z yake akiwa popote. Wahadhiri wetu wanayo VPN hiyo. Wanafunzi hatuna. Wanaoshika data zile kutwa kucha ni sisi, na sisi ndio tulioachwa nje.

Nikaenda dawati la TEHAMA. Kijana akaniambia, "Dada, njoo tu chuoni ufanyie kazi hapa." Nikamwambia, "Kaka, maabara ya kompyuta inafungwa saa kumi na moja, Jumapili haifunguliwi, na sisi wengine tunafanya kazi mchana." Akajibu hiyo ni kwa ajili ya usalama, nijaze fomu ya malalamiko mtandaoni. Nikaijaza. Ikarudi imeandikwa "imetatuliwa". Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Imetatuliwa na nani?

Kilichonifanya nifungue uzi huu kimekuja baada ya hapo. Wametoa mwongozo wa kurasa mbili kwa wanafunzi "wanaopata shida ya kuunganisha". Hatua ya kwanza: washa SMB 1 kwenye Windows. Hatua ya pili: zima fayawoli (ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni). Hatua ya tatu: jaribu tena.

Wakuu, SMB 1 ndiyo ile ile ya WannaCry! Microsoft waliacha kuiweka kwenye Windows 10 mpya tangu mwishoni mwa 2017 kwa sababu hiyo. Leo kitengo cha TEHAMA cha chuo kikuu kinamwambia binti anayetumia Wi-Fi ya hosteli, ile ambayo nywila yake imebandikwa ukutani, aiwashe tena na azime na fayawoli juu yake. Na haisaidii chochote! Poti 445 imefungwa njiani, hata ungewasha nini kwenye laptopu yako hutaifikia seva. Wenzangu wameshafuata mwongozo huo kwa sababu umetoka chuoni. Kama umo kati yao, nakuomba sana uzime SMB 1 na uwashe fayawoli usiku huu huu.

Wakati hayo yameandikwa, mambo yenye msaada hayamo. Kwamba kwenye laptopu yako binafsi lazima, unapounganisha folda, uweke alama pale pa kutumia utambulisho tofauti, na jina lako litanguliwe na jina la kikoa (domain) cha chuo, la sivyo seva inakukataa hata ukiwa chuoni. Kwamba ukibadilisha nywila, Windows inaendelea kutuma ile ya zamani iliyoihifadhi mpaka akaunti inafungwa, na dawa ni kuingia Credential Manager, sehemu ya Windows inayotunza nywila, ukaifute. Mwenye Mac hakutajwa kabisa, na kwake ni kufungua Finder, kubonyeza Command na K, kisha kuandika anwani inayoanza na smb://.

Matokeo yake ni nini? Watu wamerudi kwenye flashi. Madodoso yenye majina ya wagonjwa yanarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ili mtu aweze kuyaingiza kwenye SPSS, programu ya kuchambua takwimu, usiku akiwa kwake. Mimi nimeyaona kwa macho yangu, na inaniuma, kwa sababu wale watu tuliwasainisha fomu tukiwaahidi siri. Siwalaumu wenzangu, wana tarehe za kukabidhi na wasimamizi wanaowasukuma.

Wasituambie hakuna bajeti. WireGuard na OpenVPN ni programu huria za VPN, hazina leseni ya kununua. Weka uthibitisho wa hatua mbili, mpe kila mwanafunzi wa utafiti folda yake peke yake, kazi imekwisha. Wakiona VPN nzito kwa bando zetu, na kweli SMB huchoka kwenye mtandao wenye kuchelewa, basi watuwekee hata SFTP, njia salama ya kuhamisha mafaili, tushushe faili, tulifanyie kazi, tulirudishe.

Mnaosoma vyuo vingine, bara na Zanzibar, na ndugu zetu wa Kenya: wanafunzi wenu wanapewa VPN? Mliipataje, kwa barua, kupitia serikali ya wanafunzi, au idara ndiyo ilipigana? Nataka mifano ya kupeleka kwenye kikao cha idara. Na wewe wa TEHAMA wa chuo chetu, najua unapita humu: ule mwongozo wa SMB 1 utoeni kwenye tovuti leo, na muwatumie ujumbe wote walioufuata.