Naomba ushauri: mafundi wa kuchonga chuma wananikimbia (Tanga)

MamaKarakana (mleta uzi):
Wakuu habari za jioni. Nina karakana ndogo hapa Gofu, mashine mbili za kuchonga chuma na moja ya kutoboa. Aliianzisha marehemu mume wangu, mimi nimeishika mwaka wa nne sasa. Kazi yetu kubwa ni shafti na bushi (pete ambamo shafti huzunguka) za korona, zile mashine za kuchakata mkonge, na vipuri vya malori. Tangu Januari wameondoka mafundi watatu. Oda zipo, wa kusimama kwenye mashine hayupo. Wanaokuja wana vyeti, lakini ukimpa mchoro anaugeuza kama ramani ya mji asioujua. Waajiri wenzangu, mafundi wazuri mnawapata wapi na mnafanyaje wasiondoke? Usingizi sina.

Mpwa_wa_Pongwe:
Pole dada. Tangu lije hili bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka hapa Chongoleani, kila anayejua kushika chuma anawaza huko. Mimi nilikuwa na wachomeleaji wawili wa mageti, waliniaga kwa meseji. Tangu hapo nachomelea mwenyewe, macho yananiwasha usiku kucha.

MzeeTupa:
Vijana wa siku hizi hawafundishiki. Mimi nimejifunzia karakana ya shamba la mkonge, njia ya Muheza. Miezi mitatu ya kwanza hugusi mashine. Unapewa kipande cha chuma na tupa, unakisugua mpaka pande zote sita zinyooke, mkuu wa karakana anakiweka kwenye mwanga na pembemraba. Akiona mwanga unapenya, unaanza upya. Nilikuwa nakwenda kulala vidole vimevimba. Mashamba yale ndiyo yalikuwa vyuo vyetu. Mkonge ulipoanguka na karakana zikafa, sasa tunaulizana mafundi wamekwenda wapi.

Binti_Chumbageni:
Shikamoo mzee. Dada, unalipa shilingi ngapi?

MamaKarakana:
Mshahara ni wa kawaida kwa Tanga. Swali langu ni namna ya kuwapata.

Binti_Chumbageni:
Kawaida ni ngapi?

Kasa_wa_Raskazone:
Mimi najua kumenya viazi, nilete barua?

MamaKarakana:
350,000, chai ya saa nne na chakula cha mchana juu yangu. Si kidogo kwa karakana ya mtaani. Na hela siyo iliyowaondoa, maana hata vyeti vyao wameniachia.

Binti_Chumbageni:
Wamekuachia vipi vyeti?

MamaKarakana:
Nilikuwa nawawekea. Fundi akianza kazi ananipa cheti halisi, nakifungia kwenye droo mpaka tutakapoachana kwa wema. Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni. Wa kwanza nilimlea mimi. Alikuja hajui kusoma vernia, kile kipimo cha milimita, nikamlipia ada ya kozi, mwezi wa tano akaondoka asubuhi bila kuaga, chuma kimebaki kwenye mashine. Ningefanyaje? Na sasa nimeandaa mkataba wa miaka mitatu, anayetoka kabla ananilipa milioni mbili. Nimeshauchapisha nakala tano. Nataka tu kujua kama wengine mnafanya hivyo.

AfisaKazi_Mstaafu:
Bibie, hapo ndipo penye ugonjwa. Cheti ni mali ya aliyekisomea. Mkirudi kwenye sheria ya ajira ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi mkataba wake huvunjwa kwa notisi isiyopungua siku 28, na notisi hiyo inamhusu mwajiri na mfanyakazi. Hilo liweke kwenye mkataba wako, litakusaidia kuliko milioni mbili usizoweza kuzidai. Ukifika CMA, tume inayoamua migogoro ya kazi, huku droo imejaa vyeti vya watu, utaanza wewe kujieleza. NSSF unawachangia?

MamaKarakana:
Wawili ndiyo. Mmoja alikuwa kwenye majaribio.

AfisaKazi_Mstaafu:
Majaribio ya miezi mingapi?

MamaKarakana:
Kumi na moja.

Mpwa_wa_Pongwe:
Daah.

Ustadh_Makorora:
Mama, mfanyakazi alipwe kabla jasho halijakauka. Kumzuilia mtu cheti ni kumzuilia riziki. Muogope Mungu katika hilo.

Mkweli_Daima:
Wakuu, hamshtuki? Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mjane, karakana, vyeti kwenye droo, mkataba wa miaka mitatu, kila kitu kimepangika. Nimeshaona nyuzi za namna hii. Kesho anakuja mtu na namba ya simu kuuza "mafunzo ya kuajiri". Na mwanamke gani Gofu anajua bushi ya korona?

Kasa_wa_Raskazone:
Hata mimi nilianza kunusa tangawizi.

Binti_Chumbageni:
Mkweli, mwanamke kujua bushi ndiyo ushahidi wako?

MamaKarakana:
Sina cha kuuza. Alhamisi kijana niliyempata alitoboa bushi, tundu lilitakiwa milimita 60, likatoka 60 na nusu. Nilipima mwenyewe kwa vernia ya marehemu, nikaifuta kwa kanga, nikapima tena. Ile shaba nilinunua kwa mkopo.

MzeeTupa:
Nitamuuliza kitu kimoja. Binti yangu, bushi unaifanyaje ili isicheze ndani ya nyumba yake, yaani lile tundu inamokaa?

MamaKarakana:
Shikamoo baba. Nje unaiacha kubwa kidogo kuliko tundu la nyumba, unaiingiza kwa presi. Ikishaingia inabana na tundu la ndani linapungua, ndiyo maana tunaacha nyama kidogo, chuma cha ziada, ndani na kumalizia baada ya kuipachika.

MzeeTupa:
Marahaba. Huyu amekaa kwenye karakana. Mkweli, kama una swali la chuma, uliza.

AfisaKazi_Mstaafu:
Turudi kwenye swali. VETA Tanga, chuo cha ufundi stadi, waombe vijana wa mafunzo kwa vitendo, uwaone wiki nane kabla ya kuajiri. Na usidharau fundi wa mtaani asiye na cheti. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, anapimwa kwa alichojifunza kazini na kupewa cheti. Umlipie wewe, kisha akiweke kwake.

Mpwa_wa_Pongwe:
Na hao watatu wana midomo, dada. Ngamiani nzima ikishajua vyeti vinafungiwa kwako, mwenye cheti kizuri atakuja kufanya nini?

MamaKarakana:
Hilo sikulifikiria. Nilidhani hawaji kwa sababu ya bomba.

MamaKarakana (Jumamosi):
Wakuu, wawili nimewapigia, wamekuja kuchukua vyeti vyao. Mmoja hakukaa hata kitini. Wa pili alisimama akaitazama ile bushi ya nusu milimita, akasema ingeweza kuokolewa kwa kuingiziwa bushi nyembamba ndani. Nimemuuliza angetaka shilingi ngapi arudi. Amesema laki tano na NSSF tangu siku ya kwanza, na Jumatatu nimpe jibu. Napiga hesabu za oda hizi nne nione kama zinabeba. Wa tatu simu haipatikani, nasikia yuko kwao Muheza. Mzee Tupa, kama unapita njia ile naomba uniandikie faraghani, nikupe jina la kijiji.