Ulinganisho: Hornet iliyorudishwa sokoni, RC10 Classic au gari la zamani lenyewe, kwa anayeanza mbio za magari ya rimoti za mtindo wa miaka ya 1980

SpringiNaMafuta (ameanzisha mada)

Wakuu, salaam. Swali la "nianze na gari lipi" linajirudia humu kila mara na majibu yanatawanyika, naomba tuyakusanye sehemu moja. Nazungumzia magari ya vumbi ya kipimo cha 1/10, yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ya magurudumu manne kama Hotshot na Optima ni mazuri mno, lakini Hotshot kufikia gia tu unafungua nusu ya gari. Tuyaache kwanza.

Njia ya kwanza ni Tamiya Hornet au Grasshopper. Zote mbili zilitoka mwaka 1984, kisha Hornet ikarudishwa sokoni 2004 na Grasshopper 2005. Chasi ni moja. Grasshopper ina mota ndogo ya 380 (namba hizi ni saizi ya mota), bodi ya plastiki ngumu na springi zisizo na mafuta. Hornet ina mota ya 540, bodi laini ya polikaboneti na shokapu za mafuta nyuma. Kwa mbio, chukua Hornet.

Njia ya pili ni gari lililoundwa kushindana tangu mwanzo: Team Associated RC10 ya 1984, iliyorudi kama RC10 Classic mwaka 2013, au Kyosho Ultima ya 1987, iliyorudi 2019. RC10 ilitwaa ubingwa wa dunia wa IFMAR, shirikisho la dunia la mbio za magari ya rimoti, mwaka 1985 kule Del Mar, California, na Ultima ikautwaa 1987 kule Romsey, Uingereza. Bei yake hufika mara mbili ya Hornet au zaidi, na RC10 huja bila mota.

Njia ya tatu ni gari la zamani lenyewe, lililotumika.

Msimamo wangu: anayeanza achukue Hornet, na pesa inayobaki aitie kwenye beringi, rimoti nzuri na chaja ya kueleweka. Hivyo vitatu vitahamia kwenye gari lijalo, hakuna kinachopotea.

Kipinioni

Kwenye bei nakubali, mkuu, ila mtu asiambiwe kwamba Hornet itatulia kama RC10. Nyuma ya Hornet ni ekseli moja ngumu: giaboksi, mota na magurudumu yote mawili vinapanda na kushuka pamoja. Springi hazibebi uzito huo, zinapigwa nao. Gurudumu moja likigonga kokoto, nyuma nzima inaruka, na difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti) inaachia nguvu ziende kwenye tairi lililo hewani. RC10 na Ultima kila gurudumu la nyuma lina mkono wake, na mota imekaa kwenye chasi. Tofauti yote iko hapo.

Dawa ipo, na si mota kubwa. Anza hivi:

Wakati wa kuunda giaboksi, paka grisi nzito ya Tamiya ya kuzuia kuchakaa kwenye gia ndogo za ndani ya difu tu, si kwenye gia nyingine. Difu inakaza kidogo na tairi la hewani halizunguki ovyo.

Shokapu za nyuma zijaze mafuta ya silikoni, vuta pistoni juu na chini polepole, kisha zisimamishe dakika 10 mapovu yatoke kabla ya kufunga. Mafuta ya namba 30 ni pa kuanzia (namba ikipanda, mafuta ni mazito zaidi). Gari likitua na kudunda mara ya pili na ya tatu, panda hadi 40. Likitetemeka kwenye mabonde madogo yanayofuatana, mafuta ni mazito, shuka hadi 20. Usitie mafuta ya breki wala ya injini, yanavimbisha raba za ndani.

Bushi za kwenye boksi (pete zinazoshika ekseli bila gololi) toa zote siku ile ile ya kuunda, weka beringi za 5×11×4 mm. Bushi zikiingia vumbi zinakula ekseli, na kufungua giaboksi baadaye kwa kazi hiyo ni kujitafutia kazi mara mbili.

Na bisibisi! Skrubu za Tamiya zina msalaba wa Kijapani, JIS. Bisibisi ya msalaba ya kawaida haikai mpaka chini, inateleza na kukoboa kichwa. Moja ya JIS namba 2 inatosha karibu gari zima. RC10 ni habari nyingine: skrubu zake ni za inchi, kwa hiyo funguo za milimita hazifai.

Bi_Solda

Naongezea upande wa umeme, maana ndiko wengi wanakounguza vitu.

Magari ya enzi zile yaliongozwa mwendo kwa swichi ya kimakanika: sevo (kimota kinachotii rimoti) inasukuma mguso juu ya bamba la shaba, na kizuizi cha waya kinapunguza umeme kwa kuugeuza joto. Miguso inaungua, mwendo unakwama ukiwa umekandamizwa mwisho. Kama boksi lako linayo, iache ndani ya boksi. Chukua ESC, yaani kidhibiti mwendo cha kielektroniki, ya mota za brashi. Hobbywing QuicRun 1060 inatosha kabisa kwa mota ya 540 yenye mizunguko 27 ya waya ndani, ile ya kopo la rangi ya fedha. Ina vipini viwili vya kuhamisha: kimoja kinachagua aina ya betri, LiPo (lithiamu) au NiMH (nikeli), kingine kinachagua kama gari lirudi nyuma au lifunge breki tu. Ukitumia LiPo huku kipini kiko NiMH, ESC haikati umeme mapema vya kutosha na betri inakufa.

Betri: NiMH ya 7.2 V ndiyo iliyokusudiwa. LiPo ya seli mbili ni nyepesi na haichoki katikati ya mbio, lakini nafasi ya betri ya Hornet ilitengenezwa kwa seli za mviringo. LiPo ya kona kali haiingii bila kukata chasi. Tafuta iliyoviringwa kingo. Chaji kwa 1C, yaani ya 4000 mAh kwa ampea 4, waya wa kusawazisha ukiwa umechomekwa. Ukimaliza siku, iache kwenye 3.8 V kwa seli.

Plagi nyeupe ya Tamiya haihimili mkondo mkubwa kwa muda mrefu, inalegea, inapata joto, plastiki inayeyuka. Weka plagi za XT60 au Deans pande zote mbili. Unapolehemu, kata waya mmoja wa betri kwa wakati mmoja. Ukizikata zote pamoja kwa mkasi umeunganisha chanya na hasi.

Mota ya brashi iwe na kapasita tatu za 0.1 µF: moja kati ya vituo viwili, nyingine mbili kutoka kila kituo hadi kwenye kopo. Bila hizo cheche za brashi zinasumbua risiva (kipokea mawimbi ya rimoti) na gari linajikatakata.

ChuraWaTope

Mbona hamjaitaja Frog? Ilitoka 1983, ikarudi 2005, na nyuma kila gurudumu lina mkono wake. Bei iko karibu zaidi na Hornet kuliko RC10.

Kipinioni

Umesema kweli, mkuu, na kwa njia mbovu Frog inapita Hornet. Toleo la zamani lilikuwa na shafti za pembe sita zilizokula vikombe vyake. Toleo jipya lilibadilishiwa shafti. Udhaifu uliobaki ni difu, haipendi mota kali. Ibaki na mota ya kopo la fedha na haina neno.

Nailoni84

Kwa wanaotaka gari la zamani lenyewe, usinunue kwa picha ya bodi. Omba picha ya chasi kwa chini, ya giaboksi iliyofunguliwa, na ya sehemu skrubu zinapoingia kwenye plastiki. Kwenye Hornet na Grasshopper tazama nyufa za chasi mbele, karibu na bampa, na kuzunguka mlango wa betri. Kwenye RC10 chasi ni alumini. Ikipinda inanyooshwa, lakini mikono ya nailoni na vishikio vyake ndivyo vinavyokatika.

Nailoni iliyokauka miaka mingi inakuwa kama biskuti. Ichemshe kwenye maji dakika 15 hadi 20, iache ipoe humo humo. Inanyonya maji na kurudisha unyumbufu. Njia hii haifanyi kazi kwa plastiki ngumu ya ABS, na polikaboneti usiiguse na maji ya moto.

Matairi ya asili yatupe, au yaweke kabatini. Raba imegeuka mbao. Betri za NiCd zilizovuja zipeleke kunakopokelewa betri chakavu. Rimoti ya 27 MHz yenye kristali (kipande kinachoamua chaneli) nayo isiingie uwanjani, maana wawili wakiwa na kristali ya chaneli moja, magari yote mawili yanapotea. Risiva ya 2.4 GHz inaingia bila kutoboa chochote.

Lililo kamili ndani ya boksi, halijawahi kuundwa, tafadhali msilikimbize. Toleo jipya lipo kwa kazi hiyo.

Anga_Mizigo

Kabla ya yote haya, uliza kanuni za uwanja. Waandaaji wengi hutenga ekseli ngumu, mikono huru na magurudumu manne, na kila kundi lina mota yake. Ukija na mota isiyo na brashi kwenye kundi la kopo la fedha, unarudishwa.

Anayenunua Dubai au Uingereza na kurudi nazo Dar au Mombasa: LiPo za akiba hazipakiwi kwenye begi la chini, zinabebwa mkononi. Kikomo cha kawaida ni 100 Wh (wati-saa) kwa betri. 7.4 V mara 5 Ah ni 37 Wh, uko salama. Funika vituo kwa utepe na hakikisha alama ya Wh inasomeka.

SpringiNaMafuta

Ahsanteni sana. Frog naiongeza kwenye njia ya kwanza, na hoja ya Kipinioni kuhusu ekseli naikubali yote.

Kwa anayemaliza kuunda leo: sevo iwashe kwanza ijikalishe katikati, ndipo ufunge mkono wake. Meno ya sevo hutofautiana, Futaba 25, Hitec 24, Sanwa na KO 23, na mkono usio wake unaingia kwa nguvu kisha unakoboka kwenye kona ya kwanza. Gundi ya skrubu ni ya chuma kwa chuma tu, kwenye plastiki inapasua. Halafu inua magurudumu ya nyuma, washa rimoti kabla ya gari, yazungushe kidogo, na uizime rimoti ghafla. Yasiposimama, weka upya kinga ya kupotea kwa mawimbi kabla gari halijagusa ardhi.