Ngoma ya miguu ya Ayalandi: watoto wangu mabega hayatulii

Mwalimu_Tukuyu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kila Jumamosi nafundisha watoto wa miaka 7 hadi 11 ngoma ya miguu ya Ayalandi, kwenye ukumbi wa parokia hapa Tukuyu. Mimi nilifundishwa na sista mmoja wa huko nikiwa bwenini. Naipenda ngoma hii kwa moyo wote, na nataka watoto waijue sawasawa.

Miguu inakuja. Rili, ule mtindo wa mapigo manne, wameishika: wanakwenda pembeni kwa hesabu ya saba, moja-mbili-tatu mara mbili, wanarudi walikotoka. Hatua ikiisha kwa mguu wa kulia wanairudia yote kwa kushoto. Kinachonishinda ni mikono. Mchezaji anatakiwa awe wima, mabega yametulia, mikono imeshuka ubavuni. Hawa wangu muziki ukilia tu mabega yanaitikia! Nikiwakemea yanatulia, ila na furaha inawatoka usoni, na hilo silitaki kabisa.

La pili, sakafu ni saruji na wawili wameanza kulalamika ugoko unauma. Nje hatuwezi, mvua za huku mnazijua. Halafu wakubwa wao wameona Riverdance, lile onyesho maarufu la ngoma hii, kwenye simu za kaka zao, wanataka viatu vya kugonga leo hii. Niwape?

MamaNgoma_Iringa

Marahaba mwanangu. Usiwakemee. Hawa wamekwenda ngomani wakiwa mgongoni kwa mama zao. Bega ndilo sikio lao. Ipe mikono kazi kwanza. Wafundishe keili, zile ngoma za kundi za hao hao Waayalandi, watu wameshikana mikono kwenye duara au mistari miwili inayotazamana. Mkono ulioshikwa na mwenzako hauna pa kwenda. Wakizoea, waambie waachiane kwa hesabu ya nane tu kisha washikane tena. Ongeza kidogo kidogo.

Jambo jingine: nusu yao wageuke ukutani wasikilize wenzao wakicheza, waseme nani kakosea. Wataelewa wenyewe kwamba hapa mguu ndio ngoma, na mwili wa juu unanyamaza ili mguu usikike. Mtoto akielewa sababu, haumlazimishi.

Na uwaonjeshe jigi mapema, ile ya mapigo sita. Masikio yetu yameizoea kwenye ngoma zetu. Ile ya mapigo tisa iache mpaka wakomae.

Tena si Waayalandi wote wanaobana mikono. Magharibi kwao, Connemara, kuna mtindo wa kale uitwao sean-nós: miguu haiachi sakafu sana, mikono iko huru, mchezaji anajibunia hatua papo hapo. Mwisho wa kipindi waachie wacheze hivyo.

Seremala_Mafinga

Mwalimu, sakafu niachie mimi. Usilaze plaiwudi juu ya saruji hivi hivi, haisaidii kitu. Piga fremu ya mbao za inchi mbili kwa tatu, vikingamo kila futi moja, chini gundisha vipande vya tairi kuukuu ili jukwaa linepe kidogo. Juu plaiwudi ya milimita 18, ile ya futi 4 kwa 8. Tumia skrubu na uzamishe vichwa vyake. Msumari ukirukiwa kila siku unapanda, utachana mguu wa mtoto. Mbao iwe imekauka. Msonobari mbichi utapinda kabla ya Pasaka. Vanishi usipake, inateleza.

Baba_Wawili_Mbeya

Viatu vya kugonga bado, Mwalimu. Vile ni vizito, na siku hizi ncha na kisigino ni faibaglasi. Mtoto ambaye hajaweza kuruka na kutua kwa vidole bila kishindo ataumiza goti. Raba nyepesi zenye soli inayokunjika zinatosha, sokoni Mwanjelwa kwenye mitumba hazikosekani.

Kama wanachanganya kulia na kushoto, inasimuliwa kwamba walimu wa zamani wa Ayalandi, waliozunguka kijiji hadi kijiji karne ya 18, walimfunga mwanafunzi nyasi kavu mguu mmoja na mabua mguu wa pili, wakawa wanaita "nyasi, mabua". Kwangu nilifunga kitenge na kamba ya mgomba. Binti yangu hajapotea tena.

Mwalimu_Tukuyu

Mungu awabariki. Mama, keili naianza Jumamosi hii, na hilo la kugeuka ukutani limenigusa sana. Sean-nós nitawapa mwishoni. Ila kwenye rili mikono itakaa chini, hapo silegezi; mtindo ule uzuri wake uko hapo. Viatu vya kugonga nawaambia wasubiri.

Fundi, huku plaiwudi niliyoipata ni ya milimita 12. Nikipandisha mbili?

Seremala_Mafinga

Pandisha. Paka gundi katikati, kaza skrubu, na maungio ya juu yasiangukie juu ya maungio ya chini. Wakicheza wanne kwa pamoja, fanya majukwaa mawili uyafunge kwa bolti.