UZI WA MALALAMIKO: Bendi za rock zinazotuaga kila baada ya miaka michache, hiyo kwaheri mnatuuzia ya nini?

Wakuu wa Arusha na Moshi, wapenzi wa magitaa, salaam.

Nendeni soko la Memorial pale Moshi, au la Kilombero hapa Arusha, siku marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Chambueni rundo la fulana nyeusi. Si ajabu kukuta ya ziara ya kuaga ya bendi fulani ya rock, mgongoni imepangwa miji na tarehe kutoka juu hadi chini. Imepauka, kola imelegea, imeshavaliwa ikachokwa huko Ulaya, ikafungwa robota, ikavuka bahari mpaka kwetu. Bendi yenyewe bado iko barabarani inauza tiketi. Kwangu huo ni uongo wa mchana kweupe, na sikubali uitwe mapenzi kwa mashabiki.

Tuangalie kumbukumbu. The Who waliaga mwaka 1982, wakafunga ziara Toronto mwezi Desemba. Mwaka 1989 walikuwa njiani tena. Mwaka 2025 wakazunguka Amerika Kaskazini kuaga upya, miaka 43 baada ya kwaheri ya kwanza. KISS waliaga 2000 hadi 2001. Januari 2019 wakaanza kuaga kwa mara ya pili, wakamaliza Desemba 2, 2023 Madison Square Garden, New York, na usiku uleule watu wakaonyeshwa wanabendi waliochorwa kwa kompyuta watakaoendeleza kazi. Scorpions wa Ujerumani walitangaza kuaga Januari 2010. Mwaka 2025 walikuwa jukwaani wakisherehekea miaka 60 ya bendi. Eagles ziara yao ya 2003 waliiita Farewell I, namba moja wakaiweka kabisa kwenye jina, halafu 2023 wakaanza kuaga tena.

Wanaoniudhi kuliko wote ni Mötley Crüe. Januari 2014 walikaa mbele ya waandishi wa habari wakasaini mkataba wa kuacha ziara, na tiketi zikauzwa kwa nguvu ya karatasi ile. Wakapiga onyesho la mwisho Los Angeles, Desemba 31, 2015. Novemba 2019 wakatangaza kurudi, kwa video inayoonyesha mkataba ukilipuliwa. Sasa elewa mkataba wa namna hiyo unavyofanya kazi: ni makubaliano ya wanabendi wao kwa wao. Waliosaini wakikubaliana wote kuuvunja, umekwisha. Wewe mnunuzi hukusaini popote. Soma tiketi yoyote: kuna tarehe, ukumbi, kiti, na masharti ya kuingia. Neno "kuaga" liko kwenye bango tu. Ndiyo maana hakuna anayeweza kudai hela yake bendi ikirudi.

Kwa nini wanalishikilia neno hilo? Zamani ziara ilikuwa tangazo la santuri. Bendi ilivumilia hata hasara barabarani ili santuri zitoke. Leo kusikilizwa mtandaoni kunalipa sehemu ya senti kwa wimbo, na hela imehamia kwenye tiketi, fulana na vifurushi vya kupiga picha na wanamuziki. Promota anaihakikishia bendi kiasi fulani kabla, kisha gharama zikishatolewa, bendi kubwa huchukua kama asilimia 85 na promota 15, nyingine hata 90 kwa 10. Kwa fungu dogo kama hilo promota hawezi kuishi na viti vitupu. Sema "mwaka huu tunapiga" na watu watasema tutakwenda mwakani. Sema "hamtatuona tena" na viti vinaisha, huku bei za mtandaoni zikipanda zenyewe kadiri watu wanavyogombania. Mwimbaji Elton John wa Uingereza alipiga maonyesho 330 ya kuaga kati ya Septemba 2018 na Julai 2023, mapato yakafika dola milioni 939, wastani wa dola milioni 2.8 kwa usiku mmoja. Yeye simlaumu. Alisema mapema ziara itadumu miaka kadhaa, corona ikamchelewesha, akafunga Stockholm kama alivyoahidi.

Sasa njoo kwa mtu wa huku kwetu, ambaye ndiye aliyenifanya niandike. Ziara inaitwa ya dunia, lakini ukisoma orodha ya miji Afrika Mashariki haimo. Bara zima likibahatika linapata Johannesburg au Cape Town. Kwa hiyo mtu wa Sakina, Arusha, au Majengo, Moshi, anayeamini kwamba hii ndiyo mara ya mwisho anaanza mahesabu ya Ulaya au Marekani. Ada ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, bado ya kituo cha maombi. Ya Uingereza ilikuwa paundi 127 mwaka 2025. Ya Marekani ilipanda hadi dola 185 Juni 2023. Alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kwa basi kutoka Arusha, na nyingine kama hizo kurudi. Schengen wanataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ombi halipokelewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wakati tiketi za onyesho zinaweza kuuzwa mwaka mzima kabla. Maana yake unanunua kwanza, halafu ndipo unajua kama utaruhusiwa kuingia.

Hapo ndipo panapouma. Onyesho likiahirishwa, tiketi inabaki halali kwa tarehe mpya, ila viza ya kuingia mara moja imefungwa kwenye tarehe ulizojaza, na ndege ya bei nafuu haibadilishiki. Aerosmith walianza ziara ya kuaga Septemba 2023. Onyesho la tatu mwimbaji wao, Steven Tyler, akaumia koromeo. Tarehe zikasogezwa, zikasogezwa tena hadi Septemba 2024, na Agosti 2, 2024 bendi ikafuta yote na kustaafu ziara. Kuumia si kosa la mtu. Lakini onyesho likifutwa kinachorudi ni bei ya tiketi. Ada ya viza, bima, nauli ya Dar na ndege vimekwenda.

Wenye ujuzi wa vyombo na mitambo leteni maelezo, maana wengine wanadanganywa hata kwa kile wanachokisikia.

Jibu la kwanza, fundi gitaa, Moshi

Mkuu umesema kweli. Mimi nitazungumzia tyuni, yaani jinsi nyuzi zinavyokazwa zitoe noti sahihi, kwa sababu bendi za hotelini huku zinahangaika nayo bila kujua chanzo.

Mwimbaji akizeeka, misuli ya nyuzi za sauti inapungua, gegedu za koo zinakuwa ngumu, nyuzi hazifungi vizuri na hewa inavuja. Noti za juu zinataka nguvu asiyokuwa nayo. Bendi inashusha magitaa nusu toni (hatua ya freti moja, vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa), baadaye toni nzima. Hilo si wizi. KISS wamepiga nusu toni chini tangu miaka ya 1970, na Guns N' Roses vilevile. Shida inakuja kijana wa Moshi anapojifunza kutoka video ya ziara ya mwisho, akalegeza vitasa vya kukazia nyuzi tu akadhani amemaliza.

Ukishusha nusu toni, mvutano wa uzi unapungua kama asilimia 11. Toni nzima ni kama 21. Seti ya 9-42 (namba ni unene wa uzi mwembamba na mnene kuliko zote) inakuwa kama kamba ya kuanikia nguo: inagonga freti, na ukibonyeza kwa nguvu noti inapanda. Weka 10-46 kwa nusu toni, 11-49 kwa toni nzima. Nyuzi nene huenda zisikae kwenye mifereji ya nati, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya shingo, zikakwama na kutoa mlio wa "ting" unapotyuni. Piga msasa mfereji taratibu, usiongeze kina. Kama umeshusha bila kubadilisha nyuzi, shingo inanyooka kupita kiasi kwa sababu mvutano umepungua. Legeza chuma kilicho ndani ya shingo robo mzunguko, subiri hadi kesho, angalia tena. Gitaa lenye daraja linaloelea (pale nyuzi zinapofungwa mwilini, linaloshikiliwa na springi) ndilo gumu zaidi: springi za nyuma zitalivuta daraja lizame, kwa hiyo legeza skrubu zinazoshika springi au toa springi moja. Mwisho pima noti ya freti ya 12 iwe ileile ya uzi wazi, oktavu moja kamili juu yake, la sivyo kila kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya juu itasikika imechacha.

Jibu la pili, fundi mitambo, Njiro

Kaka fundi, kushusha tyuni ni uungwana. Kinachonikera ni plei-beki inayouzwa kama laivu.

Inavyofanyika: kompyuta inacheza sauti zilizorekodiwa, na mpiga drams anasikia mlio wa mdundo masikioni ili bendi nzima isiachane na rekodi. Mwanzoni zinawekwa sauti za waitikiaji tu. Mwaka unaofuata wanaongeza sauti ya mwimbaji mkuu kwenye kiitikio. Mwishoni mwimbaji anaimba beti na kompyuta inapanda noti. Mpiga drams kuvaa spika za masikio peke yake si ushahidi, wengi wanavaa kulinda usikivu. Kwenye desibeli 100 sikio lina dakika 15 tu salama kwa siku. Ushahidi tafuta hivi: chukua video mbili za wimbo mmoja kutoka miji miwili, zipakie kwenye programu ya kuhariri sauti, linganisha mwanzo. Kama mdundo haujaachana baada ya dakika nne, kuna mlio wa mdundo. Kama pumzi, mtetemo na vile vionjo vya mwimbaji vinaangukia palepale pia, hiyo sauti ni rekodi. Angalia na mikrofoni: ikisogea sentimita 30 kutoka mdomoni na sauti isipungue, usidanganyike.

Jibu la tatu, Usa River

Mnawaonea wazee wa watu. Mtu ana miaka 75, anajuaje mwakani atakuwa na nguvu? Labda alisema kwaheri kwa moyo mweupe, akakaa nyumbani, akamiss jukwaa.

Mwenye uzi

Dada, hoja yako naiheshimu, na anayerudi kwa sababu amekosa raha nyumbani simchukii. Arudi, ila asiuze kurudi kwake kwa jina la kuaga tena. R.E.M. walivunja bendi mwaka 2011 kwa tangazo tu, bila ziara ya kuaga wala bei ya kuaga. Black Sabbath walifunga ziara yao Birmingham, Februari 4, 2017, nyumbani kwao. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, mwenyewe aliwahi kuaga 1992 na kurudi 1995, na hilo lilistahili lawama, lakini Julai 5, 2025 aliketi kwenye kiti Birmingham, mgonjwa, siku moja, uwanja mmoja, na Julai 22 akafariki. Pale hakuna aliyedanganywa.

Na kwetu tunaye Mzee Muhidin Gurumo. Alipiga bendi ya NUTA, akawa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya Mlimani Park mwaka 1978, baadaye akarudi Msondo, yaani NUTA ileile kwa jina jipya. Alitangaza kustaafu 2013, akafariki Aprili 2014. Alisema mara moja.

Kwa anayetaka kununua licha ya haya yote: kwanza tafuta kama tangazo lina mji na tarehe ya onyesho la mwisho kabisa. Kama halina, na linasema "awamu ya kwanza", subiri, zitaongezwa nyingine na bei ya viti vya nyuma inaweza kushuka wiki ya onyesho. Angalia wangapi kati ya waanzilishi watapanda jukwaani. Bendi kama Lynyrd Skynyrd inaendelea bila mwanzilishi hata mmoja aliye hai ndani yake tangu Gary Rossington afariki Machi 2023. Kisha soma kipengele cha kuahirishwa, si cha kufutwa, maana dirisha la kuomba hela irudi linaweza kuwa la siku chache tu kuanzia tarehe mpya inapotangazwa, na tangazo linakuja kwa barua pepe ambayo huenda hujaifungua.

Mwenye tiketi ya ziara iliyosogezwa mbele aweke hapa hicho kipengele kama kilivyoandikwa, afiche jina na namba ya tiketi, tukisome pamoja kabla siku hazijaisha.