Naomba ushauri: kozi ya utangulizi wa insia, kazi 11 za kusoma ndani ya wiki 14

Chaki Nyeupe: Habari za humu wakuu. Muhula ujao nafundisha kozi ya utangulizi wa insia (fasihi, falsafa, sanaa), mwaka wa kwanza: wanafunzi 45, wiki 14, vipindi 2 vya dakika 75 kila wiki. Rasimu ina kazi 11, kuanzia Gilgamesh, utenzi wa kale wa Mesopotamia, hadi riwaya za karne ya 20, na insha 4 za maneno 1,500. Wengi wanasomea fani nyingine kabisa. Nipunguze nini, na mjadala usife vipi?

Wino Mwekundu: Anza na hesabu. Vipindi ni 28. Toa cha utangulizi, viwili vya kuandika darasani na kimoja cha marudio, unabaki na 24. Ukigawa kwa 11, kila kazi inapata vipindi viwili na ushee, yaani watasikia habari za vitabu bila kuvisoma. Chukua 5.

Insha nazo: dakika 25 kwa kila moja mara 45 ni karibu saa 19, na una raundi nne. Marejesho yatachelewa hadi yasimfae mtu. Weka aya za maneno 250, swali moja, kila baada ya wiki mbili. Kwa dakika 6 kila moja unamaliza ndani ya saa 4 na nusu, na zinarudi kabla hawajaandika nyingine. Insha ndefu moja mwishoni yatosha.

Msomaji Taratibu: Naunga mkono 5. Ila usigawe kurasa sawasawa. Riwaya, kurasa 40 kwa kipindi zinasomeka. Falsafa, 12 tayari ni mzigo.

Mfano ni Utetezi wa Socrates ulioandikwa na Plato, yaani maneno ya mwanafalsafa huyo wa Athene alipojitetea mahakamani. Kipindi cha kwanza 17a hadi 28a: mashtaka na kumhoji Meletus, mshtaki wake. Cha pili 28a hadi 42a. Hizo ni namba za pembeni zinazofuata chapa ya 1578, na tafsiri nyingi huzibeba. Sisitiza zitumike badala ya namba za kurasa, maana kila mtu atakuja na chapa yake na dakika kumi zitaishia kwenye “ukurasa gani?”

Mjadala mara nyingi huuawa na swali lenyewe. “Je, Socrates alikuwa na haki?” linajibika bila kufungua kitabu. Uliza hivi: baada ya kutiwa hatiani anaombwa apendekeze adhabu, naye kwenye 36d anasema anastahili kulishwa kwa gharama ya mji. Baadaye anataja faini ya mina 1 (kipimo cha fedha cha Wagiriki), kisha mina 30 kwa dhamana ya rafiki zake. Mtu anayetaka kuachiwa husema hivyo? Wape dakika 4 waandike kimyakimya, dakika 5 wawili wawili, ndipo uite darasa zima. Ukiruka ile ya kuandika, watasema walewale watatu.

Chaki Nyeupe: Shukrani. Je, picha za sanaa ziwe na wiki yake?

Msomaji Taratibu: Hapana, zitageuka orodha ya majina na tarehe za kukariri. Ifunge picha kwenye matini. Baada ya Utetezi, onyesha “Kifo cha Socrates” ya Jacques-Louis David, 1787. Dakika 8 za mwanzo ni kutaja kinachoonekana tu: nani ameketi, mkono umeelekea wapi, mwanga unaangukia nini. Marufuku kusema “inaashiria”. Kisha wape kipande cha Phaedo, maandishi ya Plato kuhusu siku ya kifo cha Socrates, 59b, ambapo Plato anatajwa kuwa mgonjwa siku ile, hakuwepo. David kamweka miguuni pa kitanda, tena mzee, ilhali mwaka 399 K.K. alikuwa na miaka chini ya 30. Kwa nini mchoraji afanye hivyo? Hapo wanabishana wenyewe.

Chaki Nyeupe: Na wanaoandikiwa kazi na programu za akili bandia?

Wino Mwekundu: Aya 3 kati ya 6 ziandikwe kwa mkono darasani, kitabu kikiwa wazi. Za nyumbani, dai nukuu mbili zenye namba na sentensi moja inayoeleza neno fulani ndani ya nukuu linafanya kazi gani. Programu hizo huweza kubuni nukuu au kukosea namba, kwa hiyo ikague kila namba kabla ya kutoa alama. Nukuu isiyopatikana kwenye matini ni sifuri kwa kipengele hicho. Yaandike hayo kwenye muhtasari wa kozi tangu wiki ya 1, la sivyo wiki ya 6 utasumbuliwa na rufaa.