Nilimwombea msimamizi wangu Zaburi ya 109, sasa kavunjika mguu. Nishaurini

Keshia wa Moro: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nakaa kaunta kwenye duka moja hapa Morogoro, mwaka wa tatu sasa. Tangu nimkatae msimamizi wangu, kila nikifunga zamu naambiwa nina shoti. Leo elfu nane, kesho elfu kumi na tano, inakatwa kwenye mshahara. Nahesabu mwenyewe, iko sawa. Ikiingia ofisini kwake inatoka pungufu.

Nikaenda kwa mama mmoja wa maombi. Akanipa Zaburi ya 109, saa tisa usiku, siku saba, nikazie mstari wa 8: "Siku zake na ziwe chache, usimamizi wake na autwae mtu mwingine." Nikaona kabisa katajwa yeye! Siku ya tano nikiwa na hasira nikaendelea na wa 9, ule wa watoto kuwa yatima. Wiki iliyofuata kagongwa na bodaboda, mguu umevunjika. Mkewe ana kichanga. Silali jamani. Ni mimi? Na akirudi kazini niombe nini?

Mtani wa Msamvu: Bodaboda wa huku wanagonga hata wasioombewa. Lala dada.

Mzee wa Kanisa: Marahaba binti. Daudi alilia sana mbele za Mungu juu ya adui zake, lakini alipomkuta Sauli kwenye pango la Engedi alikata pindo la vazi tu. Na hata kwa pindo lile moyo ulimchoma, kama unavyokuchoma wewe. Hiyo si laana, ni dhamiri iko hai. Hamia Zaburi ya 35, mstari wa kwanza: "Ee BWANA, utete nao wanaoteta nami." Ukishamkabidhi kesi, usimpangie hukumu.

Mpangani: Huku kwetu ungeambiwa usomeshe Halbadiri, kile kisomo cha kumshtakia mbaya wako, na wazee wangekuonya mapema: ikimkosa mwenye hatia, inamrudia aliyeisomesha. Mimi nikionewa nasema Hasbunallahu wa ni'mal wakil, yaani Mungu anatutosha, ndiye mbora wa kutegemewa, basi. Mtume alipomtuma swahaba wake Muadh Yemen alimwambia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, haina pazia kati yake na Mwenyezi Mungu. Sasa dua isiyo na pazia ya nini kuitajia mguu wa mtu?

Karani Mstaafu: Wote mnasali, hakuna aliyeuliza karatasi. Nehemia wa kwenye Biblia, alipotishwa na kina Sanbalati wasiotaka ajenge ukuta wa Yerusalemu, aliomba, halafu akaweka walinzi mchana na usiku. Mlinzi wako ni daftari. Kila zamu andika tarehe, kiasi ulichokabidhi, na aliyepokea asaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kukata mshahara kwa hasara kienyeji hivyo: uelezwe kwa maandishi, upewe nafasi ya kujitetea. Wakikupuuza nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Usichelewe, malalamiko yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60, na kuachishwa ni 30 tu. Na hilo la kutakwa kimapenzi liandike pia, ndiyo mzizi wenyewe.

Mtani wa Msamvu: Karani umeua. Dada, na yule mama wa maombi ulimpa sadaka shilingi ngapi?

Keshia wa Moro: Hiyo tuache 😭. Asanteni, wazazi wangu. Kaunta buku nimenunua leo. Kwenda kumwona msimamizi bado naogopa. Nimempa jirani yao kilo mbili za sukari ampelekee mkewe, asiseme zimetoka kwa nani.